Majogoo wa Jirani na Sarufi ya Ujirani

Wahenga walinena kuwa jogoo wa shamba hawiki mjini. Laiti wangezuru ua wangu mjini Migori saa kumi alfajiri, wangesikia jinsi majogoo wanne wasio wangu walivyowika, si kwao, bali juu ya paa la kibanda cha kuku wangu.

Nieleze tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu wa isimu chuoni, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuga kuku nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilinunua tembe tisa wa kienyeji walioboreshwa, wa ile mbegu iliyotokana na kazi ya watafiti wa mifugo huko Naivasha. Nilitaka mayai ya kula na machache ya kuuza. Kwa haja hiyo sikuhitaji jogoo hata mmoja, kwa maana kuku hutaga awe na jogoo au asiwe naye. Yai lisilo na mbegu haliwezi kuanguliwa, basi.

Upande wa pili wa ua wa minyaa anaishi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama mjane aliyefundisha Kiswahili kwa takriban miaka thelathini. Majogoo walikuwa wake. Kila kulipopambazuka waliruka ua na kuwashambulia tembe wangu kwa zamu. Haikupita miezi miwili migongo ya kuku wangu ikawa mitupu, manyoya yamenyofoka, na ubavuni mwa wawili mna majeraha ya vipi. Mayai yalipungua. Mmoja jeraha lake liliingia uchafu, akafa.

Siku hiyo hasira zilinipanda. Niliokota jiwe nikamrushia jogoo aliyekuwa karibu, likampata mguuni. Jioni mwenyewe alikuja mlangoni akiwa amempakata jogoo wake anayechechemea. Kabla hajatamka neno, nilifoka: "Mwalimu, majogoo yako yamenimalizia kuku!"

Alinitazama kwa utulivu, kisha akasema: "Majogoo wangu, Daktari. Wana roho. Wangekuwa mawe, ungesema yako."

Niliona haya. Kosa hilo la upatanisho wa kisarufi huwa nalitia wino mwekundu katika kazi za wanafunzi wangu kila muhula. Jogoo na majogoo, kwa umbo lao, ni wa ngeli ya ji-ma. Lakini kwa kuwa ni viumbe hai, Kiswahili sanifu huwapa upatanisho wa viumbe. Hasira ilikuwa imeniondolea si adabu tu, bali na sarufi. Nilimkaribisha ndani, nikaomba radhi kwa jiwe, tukaketi.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza miezi miwili nyuma: kwa nini majogoo wanne? Alinieleza kuwa alikuwa na kuku zaidi ya ishirini. Kideri kilipopita mtaani kiliwafagia wengi, na karibu wote waliosalia akawauza ili mjukuu wake aingie kidato cha kwanza. Majogoo aliwabakiza kwa sababu bei yao hupanda Krismasi inapokaribia. Alikuwa na majogoo wanne na koo wawili.

Msomaji mpendwa, hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa mkosaji. Wafugaji hukadiria jogoo mmoja kwa majike wapatao kumi. Majogoo wanne wakigawana koo wawili, lazima watatafuta pengine, na pengine palikuwa kwangu. Mimi nilikuwa nimeudhania ukaidi wa jirani, kumbe ni karo ya shule na ugonjwa wa kuku.

Usiku ule nilikumbuka kijijini kwetu, upande wa Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Kule sijapata kusikia kesi ya jogoo. Kuku wa boma moja huchakura katika boma jingine, na asiye na jogoo hutegemea wa jirani bila kuomba ruhusa. Hata hivyo jogoo si kiumbe wa kupuuzwa. Katika mila za Waluo, mwanamume anapokwenda kuanzisha boma lake, huenda na jogoo, shoka na moto. Nalo neno la Kidholuo thuon, ambalo hutumika kwa jogoo, ndilo hilo hilo humtaja shujaa. Hata siasa imemtumia: katika uchaguzi wa 1992 KANU ilikuja na jogoo na Ford-Kenya ikaja na simba, na katika pande zetu hizi kuwika kwa jogoo huyo hakukusikika sana.

Kilichobadilika ni ardhi, si kuku. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, miji kama Migori na Homa Bay imezidi kujaa watu. Tumejenga juu ya viwanja vya futi hamsini kwa mia, tukaja na kuku wa kijijini pamoja na mazoea ya kijijini, lakini nafasi ya kijijini tumeiacha huko huko. Kule jogoo anayevuka boma ni mgeni. Huku ni mvamizi, ingawa tabia yake ni ile ile.

Rafiki mmoja alinishauri nimpeleke mama huyo kwa chifu, au hata mahakamani. Sikukubali. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Ikiwa mahakama yenyewe imetakiwa kuthamini mazungumzo, kwa nini watu wawili wanaotenganishwa na minyaa waanzie mahakamani?

Tulipatana hivi. Majogoo wawili, akiwamo yule aliyeumia, niliwanunua kwa bei ya Krismasi ingawa Krismasi ilikuwa mbali. Nikawapeleka nyumbani Ndhiwa. Wa tatu Mwalimu alimfungia kibandani hadi apate mnunuzi. Wa nne alibaki huru, ila tulimpunguza manyoya marefu ya bawa moja ili asiweze kuruka juu, na kila asubuhi analishwa kwao kabla ya kufunguliwa, maana jogoo aliyeshiba hana haraka ya kuzurura. Nami niliziba mianya ya minyaa kwa wavu wa waya wa kimo cha futi sita, nikawatenga waliojeruhiwa hadi wakaota manyoya. Nilimpa Mwalimu tembe wawili, na tunapotaka vifaranga tunawakutanisha na jogoo wake kwa makubaliano. Anayetaka kuhifadhi mbegu safi akumbuke kuwa kuku akishapandwa anaweza kutaga mayai yenye mbegu ya jogoo huyo kwa wiki mbili au zaidi. Asubiri wiki tatu ndipo akusanye mayai ya kuatamiwa.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa chanjo. Dawa ya kukinga kideri huuzwa aghalabu katika chupa ya kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi. Lazima itumike siku hiyo hiyo. Mwenye kuku wanane huona ni hasara, akaacha, na ugonjwa ukija hauulizi mpaka wa kiwanja. Sasa nyumba saba za mtaa wetu huchanga pamoja na kuchanja kila miezi mitatu. Laiti tungeanza mapema, pengine Mwalimu asingewapoteza kuku wake, na majogoo wake wasingekuwa na sababu ya kuruka ua.

Nimalizie na somo ambalo mama huyo alinikumbusha pasipo kukusudia. Twasema kuku wangu, mbuzi wangu, ng'ombe wangu. Lakini twasema ndugu yangu, dada yangu, rafiki yangu, jirani yangu. Lugha yetu imemtoa jirani katika kundi la mifugo tunayoimiliki, ikamweka pamoja na watu tunaohusiana nao. Walimu wenzangu, tunapofundisha upatanisho huu darasani, tusiishie kwenye kanuni.

Lakini tusijidanganye pia. Katika kundi hilo hilo kuna neno jingine: adui yangu. Sarufi imewaweka jirani, rafiki na adui katika safu moja, wala haikutuambia nani atakuwa nani. Mimi nilikaribia kulijibu swali hilo kwa jiwe. Bahati njema, aliyekuja mlangoni na jogoo mikononi alikuwa mwalimu, akachagua kunisahihisha badala ya kunilaani.