Je, Wajua? Ngazi ya Chumbani Ilianzia Budapest

Ile ngazi ya mbao ya pembetatu wanayopandia watoto wadogo ndani ya nyumba inatokana na kazi ya Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria. Mwaka 1946 alianzisha makao ya watoto wachanga jijini Budapest, na kwake mtoto hakupandishwa mahali asipoweza kufika mwenyewe. Busara tupu: anayepanda kwa nguvu zake hujifunza pia kushuka.

Kama mnaishi chumba kimoja, tafuta ngazi inayokunjika, uisukume chini ya kitanda wageni wakija. Tandika godoro jembamba juu ya sakafu ya saruji. Iwe mbali na dirisha, na kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto akishazoea kupanda hachagui.