Kijerumani cha Ufukweni Hakitoshi Darasani

Si ajabu kumsikia kijana wa Malindi au Watamu akimwamkia mgeni kwa Kijerumani, akamtajia bei ya kinyago, akamwelekeza njia ya Gede, kisha wakaagana wakicheka. Hajapata kukaa darasani kwa lugha hiyo. Ameiokota ufukweni, neno kwa neno, kama watoto waokotavyo makome. Kwa kazi ya ufukweni humfaa sana. Lakini siku atakapo kwenda Ujerumani kusoma, ndipo atambuapo kuwa maji aliyokuwa akiyaogelea ni ya magotini.

Chuo kikuu cha huko hakimuulizi mtu kama ajua kuzungumza na watalii. Chataka cheti. Kijerumani hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 mpaka C2, na anayetaka kusoma shahada kwa lugha hiyo kwa kawaida hutakiwa afike C1 au karibu yake. Hiyo si kazi ya miezi miwili.

Hata hivyo Mswahili asivunjike moyo. Kijerumani kina ngeli tatu tu, der, die na das. Sisi tuna nyingi kuliko hizo, na twazitumia tangu utotoni bila ya kuzihesabu. La kushangaza ni kuwa msichana kwao hayumo katika ngeli ya kike! Tena mara nyingi kitenzi huwekwa mwisho kabisa wa sentensi, basi msikilizaji hana budi kusubiri ajue kama mtu alikuja au aliondoka.

Safari hii si ngeni kwa watu wa pwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kitabu chake cha desturi za Waswahili kikachapishwa 1903. Lakini elimu yake haikumkinga na dharau za baadhi ya wanafunzi wake. Alioa Mjerumani, na walipotaka kurudi Afrika Mashariki, serikali ya kikoloni ilikataa mkewe asishuke pwani. Wakarejea Ujerumani, naye akafariki huko 1927.

Mambo ya leo yamebadilika, lakini ugeni ni ugeni. Mwezi wa Disemba huko Berlin jua hutoka baada ya saa mbili za asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote huingia ndani ya muda wa saa nne, na mwanafunzi yumo darasani. Mwezi wa Juni jua huchwa saa tatu na nusu za usiku. Ramadhani ikiangukia hapo, saumu huwa ndefu kweli kweli. Kwa bahati, Waturuki walioanza kwenda kufanya kazi kwa mkataba wa 1961 wameacha misikiti na maduka ya nyama ya halali katika miji mingi. Kijana akifika, aulize msikiti kabla hajauliza soko.

Tena liko suala la fedha. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, na hapo ndipo wazazi hudanganyika wakadhani kila kitu ni bure. Mwanafunzi hutakiwa aonyeshe fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, zinazowekwa katika akaunti maalumu na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi.

Kwa hiyo, mzee asikimbilie kuuza kiwanja cha urithi kwa sababu wakala amemuahidi viza, na mtoto hata A1 hajaimaliza. Na aanze darasa kwanza, hapa hapa nyumbani, akila samaki wa mamake. Akishindwa, hasara ni ya ada tu. Akifaulu, Inshallah njia itapatikana. Kiwanja kikishauzwa hakirudi, bali lugha ikishaingia kichwani hakuna wa kuidhulumu.