Moshi wa Turbo Baada ya Sevisi

Je, wajua kwamba turbo nyingi hazina sili ya mpira ya kuzuia oili yake isivuje? Ndani yake kuna shafti fupi inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja wa shafti hiyo hupigwa na moshi wa ekzosi wenye joto linaloweza kuvuka nyuzi 700, na mpira ungeungua humo mara moja. Kinachozuia oili ni pete nyembamba za chuma, zikisaidiwa na mgandamizo wa hewa na moshi wa pande zote mbili. Oili huingia kwa nguvu ya pampu kupitia bomba jembamba, ikalainisha shafti, kisha hushuka yenyewe kwa uzito wake kupitia bomba pana hadi kwenye sampu. Hakuna kinachoivuta wala kuisukuma irudi chini.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini gari huingia gereji likiwa zima, likamwagwa oili na kubadilishwa filta, halafu kesho yake linatoa moshi wa bluu hadi majirani wanafunga madirisha. Hapo mwenye gari huambiwa turbo imekufa. Huenda ni kweli, lakini turbo iliyokuwa nzima jana haina sababu nyingi za kufa usiku mmoja. Mshukiwa wa kwanza ni kazi iliyofanyika jana hiyo.

Kwa mtu wa Hanga, mkoani Ruvuma, kwenye abasia ya Wabenediktini au vijiji vya jirani, kosa hilo la utambuzi ni ghali. Turbo si kifaa cha duka la kijijini. Itatafutwa Songea mjini, ikikosekana iagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Wakati huo huo turbo ina kazi kubwa Ruvuma. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Wazo la Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyepata hataza yake mwaka 1905, lilikuwa kutumia moshi unaotupwa ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ndiyo maana lori la turbo lenye mzigo hupanda mlima wa Lukumburu likiwa na nguvu ambayo injini ya ukubwa uleule isiyo na turbo haina.

Basi turudi kwenye moshi wa bluu. Huo ni oili inayoungua. Kitu cha kwanza ni kuchomoa stiki ya oili, gari likiwa kwenye tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kama kumi. Oili ikivuka alama ya juu, umepata mshukiwa wako. Sampu iliyojaa kupita kiasi huifanya kirenki iipige oili na kuitoa povu, mgandamizo ndani ya injini unapanda, na oili ya turbo inashindwa kushuka, kama mfereji wa uani ulioziba wakati mvua inanyesha. Inakimbilia mahali pekee palipobaki, yaani kupenya zile pete na kuingia kwenye ekzosi au kwenye njia ya hewa. Dawa yake ni kupunguza oili hadi kwenye alama.

Kipimo kikiwa sawa, angalia bomba la kurudishia oili. Gundi ya silikoni iliyopakwa kwa wingi hujiminya kwa ndani ikaliziba. Angalia pia mpira wa kupumulia injini, kisha filta ya hewa. Filta iliyoziba, au tambara lililosahauliwa kwenye njia ya hewa, hufanya turbo ivute kwa nguvu mno hadi inyonye oili yake yenyewe.

Moshi mweusi ni kesi nyingine: mafuta yamezidi hewa. Ukianza mara baada ya sevisi, na gari likawa zito kwenye mlima huku ukisikia mluzi au mfoko wa hewa chini ya boneti, kagua mipira ya intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Kilipu moja isiyokazwa inatosha. Kagua pia soketi ya sensa ya hewa, maana mara nyingi huchomolewa wakati wa kubadilisha filta na kusahauliwa.

Moshi mweupe unahitaji subira zaidi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai huko Songea, mvuke mweupe unaopotea injini ikipata moto ni jambo la kawaida. Usipopotea, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Kwenye dizeli iliyotoka kubadilishwa filta ya mafuta, moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli na injini inayotetemeka huashiria hewa iliyobaki kwenye mfumo wa mafuta. Na kama moshi unatoka chini ya boneti badala ya kwenye ekzosi, huenda ni oili iliyomwagikia manifodi tu. Itaungua na kwisha.

Sevisi yenyewe inaweza pia kuiua turbo kweli. Filta mpya ya oili ni tupu, na sekunde chache za mwanzo shafti inazunguka karibu kavu. Fundi anayewasha gari na kukanyaga mafuta papo hapo anaiharibu turbo. Injini iachwe izunguke taratibu bila kukanyagwa mafuta hadi taa ya oili izime na kidogo zaidi. Kwenye baadhi ya Subaru za turbo zilizojaa barabarani kwetu, bomba la oili ya turbo lina kichujio kidogo ndani ya bolti. Oili iliyochelewa kubadilishwa hukiziba, na hapo turbo hufa kwa kiu.

Turbo mbovu hujulikana. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, toa mpira wa hewa na ushike ncha ya shafti. Kucheza kidogo kando ni kawaida. Kucheza mbele na nyuma, au mapanga ya turbo kugusa ukuta wake, ni ubovu.

Hata ukishatibu chanzo, oili iliyotuama kwenye ekzosi na intakula itaendelea kutoa moshi kwa safari kadhaa. Usifungue tena injini kwa hilo.

Injini ya dizeli ikianza kunguruma yenyewe na kupanda kasi huku moshi umetanda, haitazimika kwa ufunguo, kwa sababu inachoma oili yake. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa na uachie klachi. Usisogeze mkono kwenye mdomo wa hewa.

Kabla hujalipia turbo nyingine, mwambie fundi achomoe stiki ya oili mbele yako.