Utangulizi: Kuanzia Pembeni

Kitabu hiki kidogo ni cha msomaji wa Ilongero na vijiji vya jirani anayeijua drafti barabara, ila sataranji ameiona kwenye simu tu. Ubao usikusumbue: miraba 64 huchorwa kwenye kipande cha boksi, na vizibo vya soda vikiandikwa majina vinatosha kuwa kete.

Anayeanza huambiwa asukume askari wa kati hatua mbili na akamate miraba minne ya katikati. Ushauri mzuri, kwa kuanzia. Lakini lipo fungu zima la elimu hii, la ufunguzi wa pembeni, linalouliza swali jingine: katikati lazima ikaliwe, au yatosha kuilenga kwa mbali?

Jibu ninalolipenda lilitolewa kwenye mashindano ya New York, tarehe 22 Machi 1924. Richard Réti alishika nyeupe dhidi ya bingwa wa dunia, José Raúl Capablanca wa Kuba, ambaye hakuwa amefungwa tangu 1916. Réti alitoa farasi f3 (herufi ni ya safu, namba ni ya mstari), askari c4, kisha askari b4, pembeni kabisa mwa vita. Askofu mmoja akakaa b2, mwenzake g2, wote wakiikata katikati kwa mshazari. Capablanca aliweka askari e5 kwenye hatua ya 9. Réti hakuingiza askari hata mmoja katika miraba ile minne mpaka hatua ya 16, aliposukuma d4, na ubao ukafunguka. Malkia mweusi alikula askari wa c4. Réti akamwondoa askofu mweusi wa g7 aliyekuwa mlinzi wa mfalme, akampa mfalme huyo shaha, akarudisha askari wake, na ngome zake zikatawala safu ya d. Hatua ya 31 ngome ilimkabili malkia, bingwa akakubali kushindwa.

Ucheze mchezo huo polepole, usimame hapo kwenye 16. Kwa nini si kwenye 10? Ukipata jibu lako mwenyewe, nusu ya kitabu umeshaisoma.

Wapo walioshangilia kana kwamba mafundisho ya zamani yalizikwa siku ile. Sikubaliani nao. Mashindano yale aliyashinda Emanuel Lasker, Capablanca akawa wa pili, Réti wa tano. Wala pembeni hapakugunduliwa mwaka 1924: sura ya kwanza inaanzia Paris, 1843, ambako Mwingereza Howard Staunton alianza na c4 dhidi ya mpinzani wake Saint-Amant, na ufunguzi huo unaitwa wa Kiingereza hadi leo.