Kuinua pikapu mbele: mambo ya kupima kabla ya kununua springi

Mkazi anayetumia pikapu kutoka Hola kwenda Wayu, au kuingia vijiji vya Delta baada ya mvua, anaijua sauti ya chuma kikikwaruza ardhi. Ushauri atakaoupata kwa haraka gerejini ni mmoja: gari liinuliwe mbele. Ushauri huo si mbaya. Shida ni kwamba neno "kuinua" linabeba kazi kadhaa zilizo tofauti kabisa, na baadhi yake huliacha gari likiwa dhaifu kuliko lilivyotoka kiwandani. Katika Kaunti ya Tana River, pikapu ileile inaweza kubeba maziwa asubuhi, mbuzi wa mnada mchana na mama mjamzito anayekimbizwa hospitalini usiku. Kiungo cha mbele kikikatika porini, mbali na fundi, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Jambo la kwanza ni kujua gari linakwama kwa nini. Likizama kwenye mchanga wa laga, tiba yake mara nyingi ni kupunguza upepo wa magurudumu hadi paundi 18 au 20, kupita polepole bila kukata kona kali, kisha kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Likikwama kwenye udongo mweusi unaonata, kinachotakiwa ni tairi zenye meno mapana, kwa kuwa udongo huo hujaza tairi laini hadi zikazunguka kama chupa. Likigonga mawe au kingo za mitaro kwa pua au kwa kinga ya injini, hapo ndipo kuinua mbele kunapoanza kuwa na maana.

Ikumbukwe pia kwamba pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, na lile tumbo la difu lililo katikati ya ekseli hukaa usawa uleule hata springi ziinuliwe kiasi gani. Kitu pekee kinachoinua difu ya nyuma ni tairi kubwa zaidi. Anayebadilisha tairi za 265/65R17 na kuweka 265/70R17 huongeza kipenyo kwa takriban milimita 26, na nusu yake, yaani milimita 13, ndiyo inayopatikana chini ya difu. Ni kidogo, lakini ni nyongeza ya kweli, na kabla ya kutumia pesa nyingi kwenye springi inafaa kuulizwa kama haitoshi.

Mbele ya gari kuna nini

Mwenye gari aanze kwa kuchungulia ndani ya gurudumu la mbele, kwa sababu jibu hutegemea kilichopo pale.

Toyota Hilux za kuanzia 2005 na Isuzu D-Max za kuanzia 2012 zina springi ya mviringo iliyozunguka shoki, na kila gurudumu la mbele linajitegemea. D-Max za kabla ya hapo zenye kuendesha magurudumu yote manne, Isuzu TFR na pikapu nyingi za zamani za Nissan hazina springi hiyo. Zina fito ndefu ya chuma inayopita chini ya chesisi na kujisokota gurudumu linapopanda; mafundi huiita toshenibaa. Kundi la tatu ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, kama ile pikapu ya 79, ambazo zina ekseli nzima mbele pia.

Wenye toshenibaa ndio wanaoshawishika kwa urahisi, kwa sababu kuinua kwao hakuna gharama. Fundi anakaza boliti moja kila upande na pua inapanda machoni pa mwenyewe. Lakini kukaza huko hakuipi fito nguvu zaidi. Kunabadilisha tu mahali inapoanzia kazi. Gurudumu lililokuwa na nafasi ya kushuka ndani ya shimo sasa limekwisha kushuka gari likiwa limesimama, kwa hiyo kwenye kila shimo shoki inavutwa hadi mwisho wake na kugonga. Milimita 25 kwa njia hii huvumilika. Anayetaka zaidi ya hapo anunue fito nzito na shoki ndefu zinazolingana nayo.

Kwenye magari ya springi ya mviringo, njia ya bei nafuu ni kuweka speisa, yaani bamba nene la chuma au plastiki ngumu juu ya shoki. Hapa kuna hesabu inayowaponyoka wengi. Shoki haijafungwa mwishoni mwa mkono wa chini, kwenye gurudumu. Imefungwa karibu na katikati ya mkono huo. Kwa hiyo kila milimita inayoongezwa juu ya shoki hugeuka kuwa karibu mbili kwenye gurudumu. Speisa ya milimita 25 huweza kuinua gari kati ya milimita 40 na 50. Mtu anayenunua ya milimita 50 akidhani atapata 50 hupata karibu maradufu, na wiki chache baadaye anatafuta sivijointi.

Sivijointi ni kile kiungo kilichofunikwa kwa mpira wenye grisi, kinachozungusha gurudumu la mbele hata linapokata kona. Gari likiinuliwa, difu ya mbele hupanda pamoja na chesisi lakini gurudumu hubaki chini, na shafti iliyokuwa karibu kulala sasa inateremka kwa mwinuko mkali. Kiungo kinachofanya kazi kikiwa kimepinda hivyo hupata joto, mikunjo ya mpira wake husuguana hadi kupasuka, grisi inatoka na vumbi linaingia. Hii ndiyo sababu wanaotengeneza springi za magari haya huishia milimita 40 hadi 50 za kuinua. Kuna seti zinazoenda juu zaidi kwa kushusha difu na mikono ya chini kwa mabano maalumu, lakini hizo ni kazi ya kukata na kuchomelea chesisi, na kwa gari la kazi ni vigumu kuona faida yake.

Uzito kwanza, urefu baadaye

Njia iliyo bora kwa gari la springi ya mviringo ni kubadilisha springi pamoja na shoki zake, na hapa swali si "ipande kiasi gani" bali "imebeba nini mbele siku zote". Springi huuzwa kwa makundi ya uzito: kwa gari lisilo na nyongeza yoyote mbele, kwa lenye hadi kilo 50 hivi, na kwa lenye zaidi ya hapo. Bulbari ya chuma pekee yaweza kuwa na kilo 40 hadi 70. Winchi na kamba yake ya chuma huongeza kilo 30 au zaidi, na betri ya pili karibu 20.

Mwenye bulbari na winchi akiweka springi nyepesi, gari litapanda siku ya kwanza na kuinamia pua baada ya muda mfupi. Kinyume chake hutokea sana pia. Mtu ananunua springi nzito kwa kuwa "ni ngumu, hazivunjiki", anaziweka kwenye gari lisilo na hata bulbari, na gari linasimama juu kupita kiasi, linarukaruka kwenye barabara ya changarawe na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko kwenye kona. Springi isiyolala kidogo chini ya uzito wa gari haina nafasi ya kufuata shimo. Abiria wataona gari ni gumu. Dereva ataona usukani hautii.

Kipimo cha kupeleka dukani ni kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, si kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi hubadilisha kipimo cha chini. Kipimwe gari likiwa mahali tambarare, mafuta ya kawaida, vifaa vyote vikiwa mahali pake, upande wa kulia na wa kushoto. Tofauti ya milimita kadhaa kati ya pande mbili ni jambo la kawaida, kwa hiyo aliyepima hatashangaa fundi akimwambia springi za pande mbili zisifanane.

Springi iliyokatwa, iliyopashwa moto au kuchomelewa, na vipande vya tairi kuukuu vilivyobanwa katikati ya mizunguko yake, si njia za kuinua gari. Chuma cha springi kikishapashwa moto hupoteza ugumu wake, na hukatika bila kutoa taarifa.

Kwa Land Cruiser ya ekseli nzima mambo ni tofauti. Hakuna sivijointi inayopinda kwa sababu ya kuinuliwa, na ndiyo maana magari haya hustahimili springi ndefu. Lakini kuinua hakupandishi difu ya mbele pia, kwa kuwa imo ndani ya ekseli. Vilevile ekseli huzunguka kidogo inapoachwa chini na usukani hupoteza ule utulivu wa kujirudisha katikati. Marekebisho yake ni bushi maalumu kwenye mikono inayoshika ekseli. Fimbo inayoizuia ekseli isiende upande nayo huisukuma pembeni gari linapoinuliwa, kwa hiyo fundi apime kama magurudumu ya mbele bado yamekaa sawa na ya nyuma.

Pua juu, mzigo nyuma

Pikapu hutoka kiwandani ikiwa imeinama mbele kidogo. Wengi huiona kama kasoro, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuinua mbele peke yake ili gari "likae sawa". Lakini mwinamo huo umewekwa kwa makusudi: nyuma ikipakiwa hushuka, na gari linasawazika. Gari lililosawazishwa likiwa tupu, likibebeshwa magunia ya mahindi au maembe ya Garsen, huelekeza pua angani. Taa zake zinawapiga machoni madereva wanaokuja kwenye barabara ya Garsen hadi Madogo usiku, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoelekeza gari, yanabaki na uzito mdogo. Anayebeba mizigo kila siku aimarishe springi za nyuma kabla au wakati wa kuinua mbele, na taa zirekebishwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Nyuma nako kuna mtego wake. Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo. Ekseli ikiwa karibu na chesisi vali hufahamu kuna mzigo na kuruhusu breki kali; ikiwa mbali, hupunguza. Gari likiinuliwa nyuma bila kurekebisha fimbo hiyo, vali hudhani gari ni tupu siku zote, hata likiwa na tani moja. Mwenye gari aulize swali hili kwa fundi waziwazi.

Na kila gari lililoinuliwa hupindukia kwa urahisi zaidi kuliko lilivyokuwa, hasa likiwa na watu juu ya mzigo. Kubeba abiria juu ya mzigo ni hatari kwa gari lolote. Kwa lililoinuliwa ni hatari zaidi.

Siku ya kufunga

Springi ya mviringo inapotolewa kwenye shoki huwa imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Ifunguliwe kwa kifaa chake cha kubania, katika gereji iliyo nacho. Fundi anayetaka kuifunga kwa kamba au mnyororo kando ya barabara akataliwe, hata akiwa rafiki.

Baada ya kufunga, gari liinuliwe kwa jeki magurudumu yaning'inie, na usukani ukatwe kulia na kushoto hadi mwisho. Mipira ya breki na waya za sensa za gurudumu zisivutike. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi hukaa ukiwa umejisokota na kuchanika mapema. Kisha gari lipelekwe kupimwa alaimenti siku hiyohiyo au kesho yake. Magurudumu yaliyoinuliwa hubadilisha pembe zake, tairi huliwa ukingo mmoja, na gari hutangatanga kwenye lami. Mashine ikionyesha pembe haiwezi kurudi kwenye kiwango cha kiwanda, mikono ya juu ya kawaida haitoshi na itahitaji kubadilishwa na iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wengi huisikia mara ya kwanza wakiwa juu ya mashine.

Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na NTSA, na mfumo wa springi, usukani na breki ni sehemu ya ukaguzi. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kabla ya kazi, kwa kuwa mabadiliko yasiyotajwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa fidia baada ya ajali.

Wakazi wanaoinua magari kwa ajili ya maji wanaombwa kufikiria tena. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara zetu kwa maji ambayo hakuna springi ingeyavuka. Milimita 50 ni upana wa vidole vitatu hivi. Maji yanayokwenda kwa kasi, yenye kina cha sentimita 60, huweza kulibeba gari kubwa, na gari lililoinuliwa likipita mahali lisingepita zamani huwa tu limefika ndani zaidi ya laga kabla ya kubebwa.

Baada ya kilomita 500 za kwanza, gari lirudishwe kwa fundi boliti zote zikazwe upya, na kipimo cha kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kichukuliwe tena na kuandikwa. Springi mpya hulala milimita chache wiki za mwanzo. Ikiendelea kushuka baada ya hapo, kundi la uzito lililochaguliwa halikuwa sahihi, na muuzaji aulizwe kabla ya muda wa dhamana kuisha.