Meza na Mabenchi ya Nje kwa Anayetumia Kiti cha Magurudumu

Majira ya joto mjini Toronto ni mafupi, na kaya nyingi zinazozungumza Kiswahili huyangojea kwa hamu ili ziende mandari katika bustani za umma, iwe ni kwa Idi, kwa kumpongeza kijana aliyemaliza shule, au kwa kuchoma nyama tu siku ya Jumamosi. Katika baadhi ya kaya hizo mtu mmoja hubaki nyumbani. Huwa ni bibi aliyepata kiharusi, mjomba aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, au kijana aliyezaliwa na ulemavu. Akiulizwa, husema hajisikii kutoka. Aghalabu alikwisha kutoka mara moja, akaona alivyowekwa mbali na chakula na mazungumzo, na hataki yajirudie.

Meza ya kawaida ya bustanini ni ubao mrefu ulioungwa na mabenchi mawili, na miguu yake imepishana kama mkasi. Anayetumia kiti cha magurudumu husogezwa kwenye ncha ya meza, ambako magoti yake au vikanyagio vya kiti hugonga mguu wa meza kabla kifua hakijakaribia sahani. Basi hukaa ubavu, au hupewa sahani mapajani. Hapo ndipo madhara ya kiafya huanzia. Chai ya moto ikimwagika mapajani mwa mtu asiyehisi vizuri miguu yake, humuunguza kabla hajatambua. Kukaa kwa kujipinda saa nyingi huumiza mgongo na huelekeza uzito upande mmoja, na mgandamizo wa muda mrefu ndio unaozaa vidonda vya makalioni. Wengine hupunguza kula na kunywa ili wasiwasumbue jamaa zao, tena siku ya jua kali ambayo mwili unahitaji maji zaidi.

Kipimo cha meza ifaayo

Kinachotazamwa kwanza ni nafasi iliyo chini ya meza. Kwa jumla, nafasi hiyo inahitaji kimo cha sentimita 68 au zaidi, upana wa sentimita 80 hivi, na kina cha sentimita 48 au zaidi, ili magoti na vidole vya miguu viingie kwa mbele. Uso wa meza usizidi sentimita 86 kutoka ardhini. Vipimo hivi havimfai kila mtu: viti vya betri huwa vikubwa, na mikono yake huweza kugonga ukingo wa meza. Ni vyema kaya ipime kiti chake nyumbani kwa futi ya fundi cherehani, kutoka sakafuni hadi juu ya magoti na hadi juu ya mikono ya kiti, kisha iandike namba hizo kwenye simu. Namba mbili hizo huokoa safari nzima.

Watengenezaji wengi hurefusha uso wa meza upande mmoja ili kiti kiingie nchani. Hiyo yatosha, lakini si bora. Iliyo bora ni meza ambayo benchi lake limekatwa katikati, au ya mviringo yenye viti vitatu na nafasi moja wazi. Anayeketi hapo huwa na mtu kulia na mtu kushoto, naye huupokea mkate na kuupitisha kama wengine.

Ardhi ina uzito uleule wa meza. Meza nzuri iliyowekwa katikati ya nyasi, kokoto au vipande vya mbao haifikiki. Njia iwe tambarare na imara, na sakafu hiyo iendelee hadi chini ya meza na kuizunguka, ili kiti kiweze kugeuka. Baada ya kila baridi ukaguzi urudiwe, kwani maji yakiganda ardhini huinua vigae vya njia na kuacha vizingiti ambavyo havikuwapo mwaka uliotangulia.

Kuhusu mabenchi, watu wa Lamu na Unguja wanalijua vyema jambo hili kwa mfano wa baraza, lile jukwaa la mawe mbele ya nyumba: asiyefika barazani hayumo katika mazungumzo. Benchi la bustanini liachiwe nafasi tupu ya sakafu ubavuni mwake, ili kiti cha magurudumu kikae sambamba na benchi, bega kwa bega. Kwa wazee wanaotembea kwa shida, kikao chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, chenye egemeo la mgongo na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka, ni salama kuliko jukwaa tupu. Chuma kilichopigwa na jua la Julai huunguza. Mbao au kivuli cha mti ni afadhali.

Yanayodaiwa na sheria

Chini ya Sheria ya Ontario ya Ufikivu kwa Watu wenye Ulemavu, ya mwaka 2005, kuna kanuni zinazohusu maeneo ya kulia ya nje yaliyo wazi kwa umma. Tangu Januari 2016, manispaa ikijenga au kukarabati upya eneo la namna hiyo, angalau asilimia 20 ya meza sharti ziwe na nafasi ya magoti na miguu, na kamwe isikosekane hata moja. Penye meza kumi, mbili. Penye meza tatu, moja. Ardhi inayoelekea kwenye meza hizo na iliyo chini yake sharti iwe sawa na imara. Kanuni hizi hazilazimishi kuondolewa kwa meza za zamani, na ndiyo sababu bustani mbili za mtaa mmoja huweza kutofautiana sana.

Jumuiya, misikiti, makanisa na vyama vya wapangaji vinavyonunua meza za ua vimtake muuzaji mchoro wenye vipimo, visitosheke na alama ya kiti cha magurudumu iliyobandikwa. Meza hiyo isitengwe kando ya mapipa ya taka. Iwe katikati ya nyingine, karibu na msala na kivuli.

Liko pia la kufikiriwa na kaya yenyewe. Mkeka ukitandikwa na sinia likawekwa chini, mzee aliye kitini hula peke yake juu ya vichwa vya wajukuu. Siku hiyo sinia lipande mezani.

Kundi la zaidi ya watu 25 huhitaji kibali cha mandari kutoka kwa Jiji, na wakati wa kukiomba ndio wakati wa kuuliza kama eneo lina meza yenye nafasi ya magoti, njia imara na choo kinachoingilika. Maswali na malalamiko hupokelewa kwa simu namba 311, usiku na mchana, na anayepiga aweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ataje jina la bustani na mahali meza ilipo, aeleze kinachozuia kiti kuingia, na aandike namba ya kumbukumbu atakayopewa.