Maji ya Newala na Kozi za Pamoja za Vyuo Vikuu

Mtu atokaye Masasi kwenda Newala huvuka mpaka ambao haukuchorwa na serikali yoyote. Masasi imezungukwa na vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja katika tambarare. Hiyo ni miamba migumu ya kale sana, na maji yake hukaa katika nyufa na katika tabaka la juu la mwamba lililokwisha kulainika kwa jua na mvua. Newala iko juu, katika ukingo wa magharibi wa Uwanda wa Makonde, na ardhi yake ni mchanga juu ya miamba ya mchanga. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi na kushuka chini sana. Mito haitiririki juu ya uwanda. Chemchemi hutokea chini, penye miteremko na mabonde. Ndiyo maana vizazi vingi vya akina mama wa Newala vimeshuka mteremko alfajiri na kuupanda tena na maji kichwani.

Kwa hiyo mtaalamu aliyejifunza kutafuta maji katika miamba ya Masasi tu hawezi kutegemea ujuzi huo peke yake akifika Newala. Tena, tatizo la Newala haliishii Newala. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji, upo uwanda wa Mueda wenye mchanga wa namna hiyo hiyo na wenyeji Wamakonde vilevile. Ruvuma yenyewe ni mto wa mataifa: bonde lake limo Tanzania na Msumbiji, na sehemu ndogo imo Malawi. Maarifa yanayohitajika yametawanyika katika vyuo vikuu vya nchi mbalimbali. Njia mojawapo ya kuyakusanya ni kozi ya pamoja, na kozi ya namna hiyo ina gharama ambayo watu wengi hawaioni.

Kozi ya pamoja ni nini?

Kozi ya pamoja ya kimataifa ni ile ambayo vyuo vikuu viwili au zaidi, vya nchi tofauti, huiandika, huifundisha na kuitahini kwa ushirikiano, na kila chuo huzikubali alama zilizotolewa na mwenzake. Haifanani na ziara ya mhadhiri mgeni afundishaye wiki mbili na kurudi kwao. Wala si sawa na kumpeleka mwanafunzi ng'ambo akasome mtaala ulioandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Katika kozi ya pamoja walimu wa pande zote huketi meza moja na kuulizana: mwanafunzi huyu ajue nini, ajifunze wapi, na nani atamtahini?

Maswali hayo ni mepesi kuyauliza, lakini majibu yake huchukua miezi mingi. Mwaka wa masomo wa chuo kimoja huanza mwezi ambao chuo kingine kipo likizo. Chuo kimoja huhesabu saa za mihadhara, kingine huhesabu pia saa za maabara na za kujisomea. Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, vya Msumbiji kwa Kireno. Mkulima wa Newala na mwenzake wa Mueda huweza kuelewana kwa Kimakonde, lakini wahadhiri wao huenda wakahitaji mkalimani.

Fedha hutumika wapi?

Hapa ndipo ufadhili unapohitajika. Gharama ya kwanza ni wakati wa mwalimu. Mhadhiri aandikaye mtaala mpya hana budi kupunguziwa vipindi vyake vya kawaida, na mtu mwingine alipwe kuvifundisha. Gharama ya pili ni mikutano: nauli, malazi na tafsiri ya nyaraka. Ya tatu ni kazi za nyikani, kwa maana elimu ya maji haifundishwi ubaoni tu. Lazima wanafunzi wapelekwe kwenye visima na chemchemi, wapime kina, wachukue sampuli na kuchora ramani. Ya nne ni uthibitisho: kozi haina budi kukubaliwa na seneti ya kila chuo na na mamlaka ya elimu ya juu ya kila nchi.

Katika hizo zote, hakuna inayoonekana kwa macho kama jengo au mtambo. Mfadhili hawezi kuzikatia utepe. Kwa sababu hiyo fedha za kuandaa kozi aghalabu ni ngumu kuzipata kuliko fedha za kujenga maabara, ingawa maabara isiyo na kozi nzuri ni ghala la vyombo.

Mafunzo ya historia

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi aliyekuwa Rais wa Tanzania kuanzia mwaka 1995 hadi 2005, alihitimu Makerere mwaka 1962. Wakati huo wanafunzi wa Makerere walitunukiwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Katika miaka yake ya mwanzo sheria ilisomwa Dar es Salaam, uganga Makerere na uhandisi Nairobi. Sehemu kubwa ya fedha za kuwalipa walimu wa kigeni na kuwasomesha wenyeji ilitoka nje, hasa katika serikali ya Uingereza na mifuko ya Marekani kama Rockefeller na Ford. Lakini kila nchi ilihitaji wataalamu wengi zaidi, nayo ilitaka vitivo vyake yenyewe. Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu.

Mfano wa pili unahusu maji hasa. Mwaka 2000 vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika viliunda mtandao uitwao WaterNet, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Uholanzi. Miaka michache baadaye ulianzishwa mpango wa shahada ya uzamili katika usimamizi wa rasilimali za maji. Masomo ya msingi yalitolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Zimbabwe. Kisha mwanafunzi alihamia chuo cha nchi nyingine kusomea tawi alilolichagua. Hivyo hapakuwa na haja ya kila chuo kuajiri bingwa wa kila tawi. Mabingwa wachache wa eneo zima walihudumia wanafunzi wa eneo zima.

Mlango wa ruzuku

Nje ya Afrika nako yapo mafungu ya kazi hii. Umoja wa Ulaya ulianzisha mpango wa Erasmus Mundus mwaka 2004 kwa ajili ya shahada za uzamili za pamoja. Katika miaka ya karibuni umetenga pia ruzuku ya kubuni tu kozi mpya ya namna hiyo: euro 60,000 kwa muda wa miezi 15, zikitolewa kwa mkupuo. Ruzuku hiyo haijengi darasa wala hailipi karo ya mwanafunzi. Kazi yake ni ile isiyokatiwa utepe, yaani kukutana, kuandika, kulinganisha na kuthibitisha.

Karibu zaidi na nyumbani, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba jumuiya hiyo ni eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine. Lakini Msumbiji haimo katika jumuiya hiyo. Kwa wenye kulitazama bonde la Ruvuma, mlango ulio wazi zaidi ni Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa sahihi mwaka 1997. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama ziwatendee wanafunzi wa nchi wenzao kama wa kwao katika suala la karo, na kuwatengea angalau asilimia 5 ya nafasi. Hata hivyo, haki ya kuvuka mpaka haiandiki mtaala. Mtu hana budi kulipwa ili auandike.

Pampu na vipuri

Wananchi wa Masasi na Newala wanaijua hatari ya msaada kuliko watu wengi. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Finland iligharimia miradi ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mitambo ya dizeli ilifungwa, na visima vingi vikawekwa pampu za mkono. Somo lililobaki ni moja: pampu huishi kadiri apatikanavyo mtu wa kuitengeneza na fedha za kununua vipuri. Mafuta yakikosekana, mtambo bora husimama na ndoo hurudi kichwani.

Kozi ya pamoja nayo ni kama pampu. Ruzuku ya kigeni huweza kuifunga, lakini haiwezi kuiendesha daima. Vipuri vyake ni mishahara ya walimu, nauli za kwenda nyikani na posho za watahini. Hivyo visipoingizwa katika bajeti ya chuo chenyewe tangu mwaka wa kwanza, kozi itakufa siku mfadhili atakapofunga daftari lake. Kwa hiyo mwombaji ruzuku mwenye busara hujiuliza maswali mawili pamoja: atapata kiasi gani, na nani atalipa mwaka wa sita?

Jambo hili linawezekana. Huko Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu iliyokuwa zamani sehemu ya Masasi, Daraja la Umoja lilifunguliwa mwaka 2010 na kuunganisha Tanzania na Msumbiji juu ya Ruvuma. Daraja hilo lilijengwa kwa fedha za nchi hizo mbili zenyewe. Nchi zilizoweza kugharimia zege haziwezi kushindwa kugharimia mtaala, ambao bei yake ni ndogo mno.

Shule za sekondari zina sehemu yao pia. Wanafunzi wa Newala wanaweza kupima mvua kila siku ya masika na kuandika tarehe ambayo chemchemi ya karibu hupungua. Wenzao wa Masasi wanaweza kupima kina cha maji kisimani mwezi baada ya mwezi. Walimu wao wakiyaweka madaftari hayo pamoja, wataona kwamba miamba miwili huyatunza maji kwa njia mbili. Hiyo tayari ni kozi ya pamoja ya wilaya mbili, na gharama yake ni kamba, rula na uaminifu wa kuandika.